Mwenye Kata Ndiye Mwenye Maneno

Mjukuu wangu wa kike, mtu mzima mwenye kazi yake na funguo zake za nyumba, aliambiwa na daktari kwamba ana usonji. Wazazi wake wakaja kwangu na nyuso za msiba. Wakanieleza dalili moja baada ya nyingine: hapendi kumtazama mtu machoni, kelele za watu wengi zinamchosha, mzaha anauchukua kama ulivyotamkwa, kila kitu anataka kikae mahali pake, na likitajwa jambo analolipenda hanyamazi mpaka msikilizaji asinzie. Nikawa nasubiri wafike kwenye ugonjwa wenyewe. Kumbe walikuwa wamemaliza.

Nikawaambia hizo si dalili, hizo ni tabia za mtu mwenye akili timamu. Mwanangu akanitazama, akamtazama mkewe, kisha wote wawili wakatazama sakafu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba daktari alikuwa amenipima na mimi bila kuniona.

Kilichowaleta hasa kilikuwa kingine. Binti alikuwa hawezi kwenda harusini wala kwenye kikao cha ukoo bila kwanza kunywa bia kwa siri, na walitaka mimi babu yake nimkanye. Walikuwa wamebisha mlango usio wao. Mimi nilikunywa kwa sababu hiyo hiyo kabla baba yake hajazaliwa, na pombe hiyo nusura inipokonye mke. Badala ya kumkanya binti, nilimwita, nikaitungua ukutani kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, nikampa. Kisha nikamsimulia haya ninayoyaandika.

Wakati huo Mwingereza bado anatutawala, na vita vyao vikubwa vimekwisha. Mimi nilikuwa seremala kijana, nimetoka Unyamwezini, nafanya kazi katika karakana ya Mhindi mmoja Chang'ombe. Misumeno na nyundo havikunisumbua hata kidogo. Msumeno una sauti moja, unajua unaanza wapi na unaishia wapi. Kilichonishinda ni watu.

Kwanza maamkizi. Mtu usiyemjua anakuuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za tangu jana, na unatakiwa ujibu nzuri, nzuri, nzuri, hata kama paa lako limeezuliwa na upepo. Kwetu nako walisalimiana hivyo, ila kule walikuwa wamekwisha nizoea. Mimi habari ikiwa mbaya nilisema mbaya. Mtu ameniuliza mwenyewe, nimdanganye kwa sababu gani? Lakini wenyeji walishtuka kana kwamba nimewatukana, na wengine wakaanza kuvuka njia wakiniona nakuja.

Halafu utani. Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Siku yangu ya kwanza karakana, fundi mzee wa Kizaramo aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema, "Wee Mnyamwezi, mzigo wako umeuacha wapi?" Nikamjibu kwamba nimeuacha chumbani, chini ya kitanda, na una nguo na randa ya marehemu baba. Karakana nzima ikaangua kicheko. Nikaenda zangu kwenye benchi nikiwa na hasira, maana sikuona kosa katika jibu langu, na mpaka leo silioni.

Mzee huyo hakuwa mtu mbaya. Alinionea huruma, akanipeleka kilabuni.

Kilabu chenyewe kilikuwa upande wa Temeke, nyuma ya mikorosho, mahali ambapo askari wa Mwingereza hakupenda kufika kwa sababu ya mchanga kuingia kwenye viatu. Mwenyewe alikuwa bibi mnene aliyepika pombe ya mtama, na alikuwa na sheria. Zamani wateja wake walipigana kwa kukatizana maneno, wakamvunjia mtungi, na tangu siku hiyo alitumia kata moja tu. Watu walikaa duara. Kata ilizunguka kuelekea kulia. Ikikufikia unakunywa, unafuta mdomo, unasema yako, na hakuna anayefungua kinywa mpaka umpe wa pembeni. Anayekatiza anarukwa. "Mwenye kata ndiye mwenye maneno," bibi alisema, naye alikuwa na mwiko mkubwa wa kuhimiza sheria hiyo.

Kata ikanifikia. Nikanywa, nikafuta mdomo, na watu wakanyamaza. Nikajikuta nazungumza. Nilizungumza juu ya bawaba, jinsi bawaba iliyopinda inavyoula mlango taratibu mpaka mwenye nyumba amlaumu seremala, na hakuna aliyenikatiza wala kuvuka njia. Nilipomaliza, mtu mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini mlango wake unalia. Sikumbuki furaha nyingine ya namna ile katika ujana wangu. Nikaamini, kama yeyote angeamini, kwamba ile ilikuwa kazi ya pombe.

Basi nikawa mlevi, na nilikuwa mlevi wa mpango. Nilikunywa kabla ya msiba, kabla ya ngoma, kabla ya kwenda kumdai mtu mbao zangu. Huko nje pombe haikunisaidia kama kilabuni. Nilisema, ndiyo, lakini nilisema mahali pasipofaa na nilichelewa kunyamaza. Ningekuwa natumia akili ningejiuliza kwa nini. Sikujiuliza, nikaongeza kiasi.

Ikaingia Ramadhani. Mimi ni Mwislamu, na ulevi wangu ulikuwa na adabu zake: mwezi mtukufu sikugusa pombe. Mwezi huo huo mzee mmoja Mzaramo wa Temeke, mcha Mungu asiyekosa swala msikitini, akaniita nimtengenezee mlango wa mbele. Nikaenda. Bila pombe sikuwa na neno la kumwambia mtu, kwa hiyo sikumwambia mtu neno. Nilimwamkia shikamoo, nikainamisha macho, nikafanya kazi. Kila siku nilifika wakati ule ule na kuweka vifaa mahali pale pale. Wanawake wa nyumba wakipita, nilitazama mbao.

Mzee akaniona. Siku moja nilimsikia akimwambia mkewe, mimi nikiwa nyuma ya mlango nilioushika mwenyewe, "Kijana huyu ana adabu ya kuzaliwa nayo. Hasengenyi, hainui macho, ulimi wake ameufungia ndani kwa ajili ya saumu." Nilitaka kumrekebisha. Lakini kumrekebisha kulihitaji maneno, na maneno yangu niliyaacha kilabuni mpaka Idd.

Alikuwa na binti. Binti huyo alipita ukumbini akaniuliza, kama watu wanavyouliza, "Habari za saumu?"

"Mbaya," nikasema. "Njaa inauma, na gundi hii inanuka samaki."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaniuliza tena, nikamwambia leo nafuu kidogo ila kichwa kinagonga. Siku iliyofuata akaja na swali jingine, kisha jingine, na baada ya kuuliza alikuwa anasimama pale pale kungoja jibu. Hakuondoka nikiwa katikati. Nikaanza kuuchelewesha ule mlango.

Baba yake alimtumia ujumbe yule fundi mzee wa karakana kwamba seremala akileta posa hatafukuzwa. Fundi mzee, aliyejua vizuri ninakoshinda miezi mingine yote, aliniambia huku akifuta machozi ya kicheko, "Mwanangu, Mungu akikupa usimwandikie barua ya maswali." Akawa mshenga wangu. Tukaoana baada ya Idd. Nikah yenyewe niliipenda sana, maana kila mtu alikuwa amekwisha pangiwa la kusema, na mimi langu lilikuwa fupi. Ngoma ya jioni sikuipenda. Nilitoroka kidogo kupitia uani, nikarudi nikiwa mchangamfu.

Mke wangu alijua mapema. Hakuwa mtu wa kufichwa kitu. "Wee bwana," aliniambia, "ukinywa unawasemesha watu wote ila mie. Usipokunywa unanisemesha mie tu. Mie nimeridhika na hiyo ya pili." Nilimwambia siwezi kuishi mjini bila kusema na watu. Akasema hajaona watu wenyewe wana faida gani. Tulicheka, na nikaendelea kunywa.

Mambo yaliharibika kwenye sherehe ya kumtoa jandoni shemeji yangu mdogo. Nyumba ya baba mkwe ilijaa watu, ngoma, vigelegele, sufuria, mbuzi asiyetaka kufa. Nilikuwa nimejiandaa kilabuni, na nilijiandaa kupita kiasi. Sasa, kila mtu anajua kwamba mama mkwe hakaribiwi. Unamwamkia kwa mbali, umeinama, na mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Mimi niliingia uani, nikamkuta ameketi juu ya mkeka anapepeta mchele, nikaketi pembeni yake bega kwa bega, nikamweleza habari za bawaba.

Wanasema nilimweleza tangu mchele ukiwa na makapi mpaka pilau ilipopakuliwa. Wanasema alijaribu kusogea, na mimi nikasogea. Hakuweza kuinuka bila kunigusa, wala kunifukuza bila kunisemesha, kwa hiyo alikaa kama aliyepigwa picha, ungo mikononi. Harufu yangu ilimaliza maelezo. Baba mkwe alifika, akanusa, akatazama ule mlango wake wa mbele kama mtu aliyeuziwa mbuzi wa kuazima.

Hukumu ikaletwa na mshenga. Ijumaa, baada ya swala, kungekuwa na kikao cha ukoo nyumbani kwao. Nifike mkavu, sijanywa, nijieleze mwenyewe kwa kinywa changu, bila msemaji. Nikishindwa, binti anarudi kwao siku hiyo hiyo. Mke wangu aliitwa atangulie, akaenda na nguo zake zimefungwa kwenye kanga. Mlangoni aliniuliza, "Utaweza?" Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli, na ilimuumiza. Nikabaki ndani ya nyumba iliyokuwa na kila kitu mahali pake, na kwa mara ya kwanza mpango huo haukunipa raha hata kidogo. Niliogopa. Nilijua nikiwa mkavu kikao kitakwisha kabla sijapata upenyo wa kuanza.

Alhamisi nilikwenda kilabuni kuiaga pombe. Nikakuta manung'uniko. Mvua ilikuwa imemharibia bibi kimea, pombe haikuiva, na mtungini kulikuwa na togwa tu, ile tamu isiyolevya wanayopewa watoto na wanawake waliojifungua. Wateja wengine waliondoka wamenuna. Tuliobaki tulikaa duara kwa sababu ya mazoea, maana mtu hawezi kukaa kilabuni vingine, na kata ikaanza kuzunguka.

Iliponifikia nilikunywa togwa, nikafuta mdomo, nikasema. Niliwaambia kila kitu: mama mkwe, ungo, Ijumaa, kanga iliyofungwa. Nilisema vizuri. Kata ilizunguka ikarudi, nikasema tena, na wao wakajibu, na mimi nikajibu majibu yao. Nilipoinuka kuondoka na kufika kwenye mikorosho, nikagundua kwamba kichwa changu ni chepesi na miguu yangu inakwenda ninakoielekeza. Nikasimama. Nikarudi mbio.

"Mama, hii togwa imechacha?"

Bibi alishika kiuno. "Togwa yangu mie ichache? Mtoto anayenyonya anaweza kuimaliza akalala. Nani kakutuma?"

Nikamwambia basi naomba kata. Akauliza yeye atatekea nini. Nikamwahidi kata mpya, mpini wa mninga, itakayomzika. Alinitazama akidhani mambo ya ukweni yamenipanda kichwani, lakini mninga ni mninga. Akanipa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwa mcha Mungu yule, Ijumaa, nimevaa kanzu safi, nimepiga mswaki, na mkononi nimeshika kata ya kilabuni.

Baba mkwe aliketi kwenye kiti. Wajomba na mashangazi walijaa mikekani. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia la chumba, mke wangu amekaa karibu na mlango, kanga iliyofungwa miguuni pake. Nikaamkia. Baba mkwe hakuitikia. Alikuwa anatazama mpini.

"Mnamwona?" akasema. "Amekuja na kata ya pombe nyumbani kwangu. Hiyo ni ya kilabu cha nyuma ya mikorosho, ina alama ya moto kwenye mpini."

Kisha kutoka nyuma ya pazia mama mkwe akauliza kwa upole, "Umeijuaje, mume wangu?"

Mzee akakohoa. Akasema ni mambo ya ujanani. Mjomba mmoja akageukia ukuta, mabega yakamtikisika, halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja, kuhusu ujana, kuhusu kata, kuhusu aibu, kuhusu mimi. Maneno yakanijia yote kwa nguvu moja, ya wajomba na ya kuku wa uani, na nikahisi kinywa kinajifunga kama nilivyoogopa.

Mke wangu akainuka. Akaichukua kata mkononi mwangu, akaiosha mbele ya wote, akatekea maji ya mtungini, akampa baba yake. "Baba," akasema, "mwenye kata ndiye mwenye maneno. Wengine wanamsikiliza. Alinieleza kila kitu cha huko kilabuni tulipooana, na hiki ndicho cha maana alichonieleza."

Baba mkwe alikunywa kwa mashaka, akaanza kunishtaki. Shangazi mmoja alitaka kuingilia, mke wangu akamwonyesha kata, shangazi akafumba kinywa. Mzee akaendelea. Alifika mwisho wa sentensi, kisha mwisho wa nyingine, na nikaona uso wake unabadilika, maana nadhani tangu aoe hakuwahi kufika mwisho wa sentensi katika nyumba ile. Alisema juu yangu, juu ya bei ya chumvi, juu ya Mwingereza. Ilibidi mjomba amnyang'anye kata kwa heshima.

Ikaja kwangu. Nikanywa maji, nikafuta mdomo.

"Baba, wewe uliniona mtulivu. Haikuwa utulivu. Watu wakisema pamoja mimi sijui nimjibu nani, na wakati nachagua, maneno yamepita. Nilidhani pombe ndiyo inayonifungua. Jana nimejua ilikuwa hii. Siwezi kukuapia kwamba sitakunywa tena mpaka nife, kwa sababu huko sijafika. Naweza kusema leo sikunywa, na kesho siendi. Mama, nisamehe kwa siku ile ya ungo. Lakini bawaba ya mlango wenu wa uani bado imepinda."

"Kweli imepinda," likasema pazia.

Nikampa baba mkwe kata. Aliishika, akaninyooshea kidole, akauliza, "Na mke? Unamtaka au humtaka?"

Nikanyamaza.

Akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Nikanyamaza. Shangazi akaguna. Mshenga wangu akashika kichwa. Nyuma ya pazia nikasikia mama mkwe anaanza kulia, na nilitaka kulia pia, lakini sheria ni sheria: kata ilikuwa kwake, haikuwa kwangu. Jibu lilikuwa limenijaa kifuani na sikuwa na ruhusa ya kulitoa. Baba mkwe akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake kumwambia abaki.

Binti yake alikuwa amekwisha elewa. Akaitoa kata mkononi mwa baba yake bila kuomba, akaja, akaniwekea mikononi mwangu.

"Haya," akasema. "Sema."

"Namtaka," nikasema. "Yeye akiniuliza habari, anangoja jibu."

Hakuna aliyesema kitu, na safari hii sidhani ilikuwa kwa sababu ya sheria. Baba mkwe alifuta macho kwa pindo la kanzu, akasema kata ibaki kwake kwanza, anaihitaji. Aliihitaji mpaka alipofariki. Ilinirudia kwenye mirathi, na hakuna mrithi aliyeigombea.

Mke wangu akarudi mlangoni, akaiinua ile kanga iliyofungwa. Aliushika mzigo mbele yangu, uso mkavu kabisa, Mzaramo mbele ya Mnyamwezi.

"Wee Mnyamwezi," akasema, "mzigo wako umeuacha wapi?"

Nilikuwa mkavu, bila hata tone la togwa. Nikaupokea, nikaujitwika kichwani, na nikacheka kabla ya mtu mwingine yeyote kucheka.